Uzito Unaporejea Baada ya Tumbo Kupunguzwa

Wapagazi waliofika Bagamoyo katika karne ya 19 kutoka Ujiji na Tabora walibeba kila mmoja mzigo wa kilo zipatazo 30, aghalabu pembe za ndovu, na wale waliotoka mbali zaidi walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 1,000. Wapo wasemao kwamba jina la mji huo latokana na maneno "bwaga moyo", ingawa hawaafikiani kama moyo ulibwagwa kwa faraja ya mwisho wa safari au kwa simanzi ya mtumwa aliyejua kwamba hatarudi kwao. Lililo hakika ni kwamba mzigo uliotuliwa pale pwani ulipakiwa jahazini ukaenda zake, na pagazi hakuuona tena.

Siku hizi wapo watu katika mwambao huo, kuanzia Kunduchi na Bunju hadi Bagamoyo yenyewe, ambao hubeba mzigo wa uzani kama huo ndani ya miili yao wenyewe: mafuta yaliyolimbikizwa chini ya ngozi na kuzunguka matumbo. Baadhi yao, wakiisha kujaribu kila njia, hukubali kupasuliwa ili mfuko wa chakula upunguzwe. Kilo 30 au zaidi zaweza kutoka mwilini katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kisha, polepole, kilo kadhaa huanza kurejea. Jambo hili huwatia wengi aibu, na wengine hukwepa hata kuonana na daktari aliyewapasua, wakidhani kwamba wamemwangusha. Makala haya yaeleza kwa nini uzito hurejea, na kwa nini aibu hiyo ina msingi mdogo sana katika sayansi.

Adui wa pili

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilipoundwa mwaka 1973, adui aliyejulikana alikuwa utapiamlo: unyafuzi wa watoto, upungufu wa damu, ukosefu wa madini joto. Adui huyo hajaondoka. Ila amepata mwenziwe. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia; na hali ilikuwa mbaya zaidi mijini kuliko vijijini.

Mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuyatazama mabadiliko haya, kwa kuwa mji na shamba vinakutana humo. Barabara ya lami imewaleta watu wa jiji hadi Mapinga na Kerege. Safari ya sokoni iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda. Muhogo wa kuchemsha umempisha chipsi mayai, na dafu limeipisha soda. Juu ya hayo yapo mambo ya desturi. Katika pwani yote, mtu aliyenenepa husifiwa kwamba amenawiri. Mwali hutunzwa ndani apate kunona, na mzazi hulishwa uji na nyama siku 40 arudishe mwili. Kukonda, kwa upande mwingine, kulipata jina baya tangu miaka ya 1980, pale UKIMWI ulipoingia Afrika Mashariki na watu wa Uganda wakauita ugonjwa huo "slimu". Mwanamke aliyepunguza kilo 20 kwa juhudi zake anaweza kupokewa arusini kwa swali la huruma: "Bi mkubwa, u mzima kweli?" Swali kama hilo huweza kuyavunja mashauri ya mwaka mzima ya bwana lishe.

Tangu mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwenye tawi lake la Mloganzila, imekuwa ikiwawekea watu puto ndani ya mfuko wa chakula ili wapungue, na upasuaji wenyewe wa kupunguza uzito umekuja kufanyika hapo pia. Kabla ya hapo aliyehitaji huduma hizi, na mwenye fedha, alilazimika kufikiria safari ya India au Afrika Kusini. Kwa hiyo jambo ambalo zamani lilikuwa habari ya nchi za mbali sasa liko ndani ya mwendo wa basi kutoka Bagamoyo.

Kinachokatwa na kinachounganishwa

Wazo la kumpasua mtu ili apungue si jipya. Mwaka 1954 madaktari wa Marekani, Kremen na wenzake, walieleza jinsi walivyoruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kisisharabiwe chote. Uzito ulishuka kweli, lakini wagonjwa wengi wa upasuaji wa namna hiyo walipata kuhara, mawe ya figo na hata ugonjwa wa ini, na njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1967 Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walitangaza njia nyingine, ambayo ndiyo mzazi wa upasuaji wa mchepuko unaofanywa leo. Mfuko wa chakula, ambao kwa mtu mzima huweza kupokea lita moja na zaidi, hukatwa ukabaki kijifuko cha mililita 30 hivi, kiasi cha yai dogo la kuku. Kijifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na sehemu ya chini zaidi ya utumbo mwembamba. Chakula hakipiti tena katika sehemu kubwa ya mfuko wala katika mwanzo wa utumbo.

Njia ya pili, ambayo sasa ndiyo inayofanywa zaidi duniani, ni kuukata mfuko kwa urefu na kuondoa karibu robo tatu au zaidi yake. Hubaki mrija mwembamba wenye umbo la mkono wa kanzu. Utumbo hauguswi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba njia hizi zilifanya kazi kwa hesabu rahisi ya chombo: kikombe kikiwa kidogo, uji utakaoingia ni mchache. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1995 Walter Pories na wenzake wa North Carolina walitoa taarifa kwamba wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili waliofanyiwa mchepuko walipata sukari ya kawaida katika damu, na mara nyingi hali hiyo ilionekana siku chache tu baada ya upasuaji, kabla uzito haujapungua kwa kiasi cha kutajika. Kikombe kidogo hakiwezi kueleza jambo hilo. Ilikuwa dhahiri kwamba mfuko wa chakula na utumbo si mabomba ya kupitishia chakula tu. Ni tezi, na huzungumza na ubongo na kongosho kwa njia ya homoni.

Hesabu ya darasani

Kabla ya kufika kwenye homoni hizo, yafaa kwanza kujua uzito hurejea kiasi gani, kwani watu husikia neno "kurejea" wakadhani kwamba wote hurudi pale walipoanzia.

Utafiti uliofuatilia jambo hili kwa muda mrefu zaidi ni ule wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström wa Göteborg. Watu 2,010 walifanyiwa upasuaji wa aina tatu zilizotumika wakati huo, na watu 2,037 waliofanana nao hawakupasuliwa. Waliofanyiwa mchepuko walipungua hadi asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili. Baada ya miaka 10 walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Waliofungwa mkanda juu ya mfuko walipungua asilimia 20 kwanza, na baada ya miaka 10 asilimia 14. Wale ambao hawakupasuliwa uzito wao ulibadilika kwa asilimia 2 tu juu au chini kwa miaka yote hiyo.

Mwalimu wa baiolojia au hisabati anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii. Mama mmoja wa kubuni, mkazi wa Bagamoyo, ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 105. Uwiano wa uzito na urefu hupatikana kwa kugawa kilo kwa mraba wa mita: 105 kugawa kwa 2.56 ni 41. Uwiano wa kawaida ni kati ya 18.5 na 25, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa kiribatumbo. Tangu 1991 madaktari wa Marekani walikubaliana kwamba upasuaji uwafae wenye uwiano wa 40 na zaidi, au 35 iwapo wana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vililegeza mipaka hiyo hadi 35 kwa yeyote, na 30 kwa mwenye kisukari. Mama huyu basi anastahili kwa kipimo chochote.

Akifanyiwa mchepuko na kupungua kama wastani wa watu wa Sweden, atafika kilo 71.4, uwiano wa 27.9. Amepoteza kilo 33.6, yaani mzigo wa pagazi na ziada kidogo. Baada ya miaka 10 atakuwa na kilo 78.75. Zimerejea kilo 7.35.

Je, hizo ni nyingi au chache? Jibu lategemea kile zinacholinganishwa nacho. Ukizilinganisha na uzito wake wa chini kabisa, ni ongezeko la asilimia 10. Ukizilinganisha na kilo alizopoteza, ni asilimia 22. Ukitazama uwiano, amevuka tena mstari wa 30 na daktari asiyemjua atamwandika kuwa mgonjwa wa kiribatumbo. Wala ukimtazama kwa macho ya siku ya kwanza, yuko pungufu kwa kilo 26 na robo. Haya si mabishano ya maneno matupu. Mwaka 2018 Wendy King na wenzake wa Marekani walipima njia mbalimbali za kueleza kurejea kwa uzito kwa watu 1,406 waliofanyiwa mchepuko, wakaona kwamba njia iliyohusiana vizuri zaidi na kurudi kwa kisukari, shinikizo la damu na matatizo mengine ni ile ya pili: kilo zilizorejea kama sehemu ya kilo zilizopotea. Kliniki inayotumia kipimo kingine yaweza kumtisha asiyestahili kutishwa, au kumwacha aliye hatarini.

Ikumbukwe pia kwamba kurejea huko hakuendelei bila kikomo. Katika utafiti wa Utah uliotangazwa mwaka 2017, waliofanyiwa mchepuko walikuwa wamepungua kwa wastani kilo 45 baada ya miaka 2, kilo 36.3 baada ya miaka 6, na kilo 35 baada ya miaka 12. Sehemu kubwa ya kurejea ilitokea kati ya mwaka wa 2 na wa 6. Baada ya hapo mstari ulikaribia kuwa mlalo. Hizo ni wastani, na nyuma ya wastani wamo watu ambao hawakuongeza hata kilo moja pamoja na wengine waliorudi karibu na mwanzo.

Ghala na walinzi wake

Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York waligundua jeni ya homoni iliyopewa jina la leptini. Leptini hutengenezwa na seli za mafuta zenyewe. Mafuta yakiwa mengi, leptini katika damu huwa nyingi. Yakipungua, nayo hupungua, na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huisoma ishara hiyo kama mwenye ghala asomavyo alama ya nafaka ukutani. Ghala linaposhuka, njaa huongezwa na matumizi hupunguzwa. Miaka mitano baadaye, 1999, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani waligundua ghrelini, homoni ya njaa, ambayo kwa wingi wake hutoka sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula.

Mtu akijinyima chakula bila upasuaji, walinzi hawa wote huinuka pamoja. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walieleza habari za watu 50 waliolishwa chakula kidogo sana kwa wiki 10, wakapungua kilo 13.5 kwa wastani. Leptini ilianguka, ghrelini ikapanda, hamu ya chakula ikazidi. Na mwaka mmoja baadaye, ingawa sehemu ya uzito ilikuwa imerudi, homoni hizo zilikuwa bado hazijarejea mahali pake. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2016, uliwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la kupungua katika televisheni ya Marekani. Miaka 6 baada ya shindano walikuwa wamerudisha kilo 41 kati ya 58, na hata hivyo miili yao, ikiwa imetulia tu, ilichoma takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa miili ya ukubwa ule. Ni sawa na kusema kwamba walitakiwa kuacha mlo mmoja mzima kila siku, kwa maisha yao yote, wasinenepe tu.

Mambo haya hayashangazi mtu anayejua njaa. Katika majaribio ya Minnesota ya miaka ya 1944 na 1945, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa miezi 6, hadi wakapoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Waliota chakula, wakaongea chakula, wakakusanya vitabu vya mapishi. Na waliporuhusiwa kula, wengi walikula kupita kiasi na kujilimbikizia mafuta zaidi ya waliyokuwa nayo mwanzo. Mwili wa binadamu uliundwa katika mazingira ambamo mvua ilikosa mara kwa mara. Haukujiandaa kwa mazingira ambamo kibanda cha chipsi kiko wazi hadi saa sita za usiku.

Hapa ndipo upasuaji unapotofautiana na kujinyima. Kuondolewa kwa sehemu ya juu ya mfuko huondoa kiwanda kikuu cha ghrelini. Chakula kinapofika upesi sehemu za chini za utumbo, seli za huko humwaga kwa wingi homoni za shibe, hasa ile iitwayo GLP-1, ambayo pia huichochea kongosho itoe insulini. Kwa hiyo mtu aliyepasuliwa hupungua na wakati huohuo husikia njaa kidogo, jambo ambalo kwa kujinyima peke yake ni adimu mno. Walinzi wa ghala hawakufukuzwa, lakini wamepewa pombe wakasinzia.

Kadiri miaka inavyopita, baadhi yao huamka. Hamu ya chakula ambayo ilikuwa imekufa katika mwaka wa kwanza hurudi kwa watu wengi. Mfuko uliokatwa hupanuka. Mahali palipounganishwa na utumbo hulegea, na chakula hupita upesi bila kuleta shibe. Mara chache hutokea njia ya pembeni kati ya kijifuko na sehemu ya mfuko iliyoachwa, nayo huhitaji kupasuliwa upya. Katika utafiti wa Finland uliolinganisha njia mbili kuu kwa miaka 10, mchepuko ulishikilia upungufu kuliko mkono wa kanzu, japo tofauti haikuwa kubwa. Aidha, wa mkono wa kanzu walisumbuliwa zaidi na kiungulia.

Na hata bila homoni yoyote, fizikia yenyewe humdai mtu aliyepungua. Kutembea hugharimu kiasi cha kalori 0.7 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mama wa mfano akitembea kilomita 5 kutoka mjini Bagamoyo hadi magofu ya Kaole, akiwa na kilo 105 atatumia takriban kalori 370; akiwa na kilo 71 atatumia 250. Njia ni ileile, jua ni lilelile, lakini matumizi yamepungua kwa theluthi. Akiendelea kula kama alivyokuwa akila wakati uzito ukishuka, kutafika siku ambapo mapato na matumizi yatalingana, na uzito utasimama. Akiongeza kidogo tu juu ya hapo, utapanda. Kalori 100 za ziada kila siku, ambazo ni kama andazi moja dogo, hutosha kumwongezea kilo 4 hivi kabla mwili haujapata mizani mpya, na nusu ya kilo hizo huingia katika mwaka wa kwanza.

Vinavyopita bila kuzuiwa

Kijifuko cha mililita 30 huzuia pande la ugali na mnofu wa nyama. Hakizuii kitu cha majimaji. Hili ndilo shimo kubwa katika ukuta, na vyakula vya pwani vinalijua vizuri. Uji wa mchele uliotiwa tui na sukari, chai ya maziwa, juisi ya miwa, soda, kaimati zilizolowana shira: vyote huteleza kwa urahisi, havileti shibe ya muda mrefu, na vimebeba kalori nyingi. Mtu anaweza kuapa, na kiapo chake kikawa cha kweli, kwamba hawezi kumaliza nusu sahani ya wali, ilhali mwili wake unapokea zaidi ya anavyodhani kwa vikombe na vitafunio. Wengine hupata tabia ya kudonoa kutwa nzima, kidogo hapa kidogo pale. Aliyefanyiwa mchepuko akinywa sukari nyingi kwa mara moja huweza kushikwa na kizunguzungu, jasho na mapigo ya moyo, na adhabu hiyo humlinda kwa muda. Lakini si kila mtu huipata, na wengine hujifunza kuikwepa kwa kunywa polepole.

Ramadhani inahitaji kutajwa kwa namna yake. Futari ya pwani, yenye magimbi na muhogo wa nazi, tambi za sukari na uji, hukusanya chakula cha siku nzima katika saa chache za usiku. Tena, mtu mwenye kijifuko hawezi kunywa maji mengi kwa mkupuo, hivyo mchana mrefu bila maji ni hatari kwake kuliko kwa wengine. Madaktari wengi hushauri aliyepasuliwa asifunge katika mwaka wa kwanza na zaidi, na baadaye afunge kwa ushauri tu. Kuhusu pombe, tembo la mnazi likiwamo, mchepuko huifanya iingie damuni upesi na kwa ukali zaidi, na utafiti umeonyesha ongezeko la ulevi kwa baadhi ya waliopasuliwa miaka michache baadaye.

Upande mwingine wa pwani humfaa mtu huyu. Samaki na dagaa, kunde, choroko na mayai vina protini nyingi kwa bei inayofikika kuliko unga wa kopo unaouzwa kwa wanamichezo. Protini huliwa kwanza, wanga baadaye. Vinywaji hutengwa na mlo.

Zipo pia sababu zisizotoka jikoni. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, insulini, na dawa za jamii ya kotisoni huongeza uzito. Dolutegravir, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI inayotumika sana Tanzania tangu 2019, imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanawake, kama majaribio ya Afrika Kusini yalivyoonyesha. Hiyo si sababu ya kuiacha, maana faida yake ni uhai. Ujauzito na kukoma hedhi navyo huchangia.

Puto ni jambo jingine

Umma umezoea kuyachanganya puto na upasuaji, jambo ambalo lina madhara. Puto la silikoni huingizwa kwa mpira kupitia mdomoni, likajazwa maji ya chumvi, kwa kawaida kati ya mililita 400 na 700. Hakuna kinachokatwa. Hukaa miezi 6, na aina nyingine hadi 12, kisha hutolewa. Wakati limo, mtu hushiba upesi na hupungua. Likitoka, mfuko ni uleule, kiwanda cha ghrelini kiko palepale, na walinzi wote wa ghala wako macho. Kwa hiyo si ajabu kwamba baada ya puto uzito hurejea kwa wengi upesi kuliko baada ya upasuaji. Miezi ile 6 ina maana kama imetumiwa kujenga desturi nyingine ya kula na kutembea, au kumpunguza mtu mzito mno ili apasuliwe kwa usalama.

Sindano mpya zinazoiga homoni ya GLP-1 zina kanuni kama hiyo. Katika jaribio moja kubwa la dawa ya semaglutide, watu waliopungua asilimia 17 walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha sindano. Dawa ilifanya kazi kadiri ilivyokuwamo mwilini. Hakuna anayemlaumu mgonjwa wa shinikizo la damu kwa kupanda kwa shinikizo akiacha vidonge, na ni vigumu kuona kwa nini mwenye kiribatumbo ahukumiwe kwa sheria nyingine. Kwa waliopasuliwa kisha uzito ukarejea, dawa hizi sasa hutumiwa kama msaada wa pili kabla ya kufikiria kisu tena.

Mizani ya kila mwaka

Pamoja na kilo zilizorejea, watu wa Sweden waliopasuliwa walifariki kwa uchache kuliko wenzao. Baada ya takriban miaka 11, walikuwa wamekufa 101 katika kundi la upasuaji na 129 katika kundi la pili. Tofauti hiyo ilipatikana kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuufikia uzito unaoitwa wa kawaida. Mama wa mfano, mwenye kilo zake 78.75 na uwiano wa 30.8, yumo upande wenye faida.

Kinachomhatarisha zaidi ni kutoonekana kliniki. Aliyefanyiwa mchepuko anahitaji vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D kwa maisha yake yote, kwa sababu sehemu za mfuko na za utumbo zinazosaidia virutubisho hivyo kusharabiwa zimerukwa. Akijificha kwa aibu ya kilo 7, hukosa pia kipimo cha damu ambacho kingeonyesha kwamba neva za miguu yake zimeanza kudhurika kwa ukosefu wa B12. Anaweza kuwa mnene na mwenye utapiamlo kwa wakati mmoja.

Kumfuatilia mtu kwa miaka si jambo geni Bagamoyo. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake hapo, na kuanzia mwaka 2009 watoto wa wilaya hiyo walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, wakatembelewa na kupimwa kwa miaka kadhaa, nyumba kwa nyumba, pamoja na wenzao wa Korogwe na wa nchi nyingine sita za Afrika. Kazi ya namna hiyo kwa waliopunguzwa tumbo ingehitaji vifaa vichache zaidi: mizani isiyobadilika, utepe wa kupimia kiuno, maabara ya kupima damu mara moja kwa mwaka, na daftari. Takwimu za Sweden zilihitaji miaka 10 kabla ya kusema jambo la kuaminika, na zilitoka kwa watu wanaokula viazi na siagi. Waliopata huduma ya kwanza Mloganzila mwaka 2022 watatimiza mwaka wao wa 10 mwaka 2032.